Namba Moja Ilivyowachezea Wamarekani Miaka Mia

Wasee, leo tunaenda Marekani, na tunaenda kwa hesabu. Usihepe. Najua neno hesabu limefukuza nusu yenu tayari, lakini hii si ile ya kutafuta x. Ni stori ya nchi nzima iliyoamua kwamba thamani ya mchezaji iko kwa namba moja yenye tarakimu tatu, ikaiamini zaidi ya miaka mia, ikapanga mishahara kwayo, watu wakapoteza kazi kwa sababu yake. Na muda huo wote hiyo namba ilikuwa inaficha vitu viwili: nani anajua kucheza kweli, na nani hakuhesabiwa kabisa.

Mchezo ni besiboli. Kama ulisoma shule ya msingi hapa Kenya na ulicheza raunda, hasa nyinyi madem mliokuwa mnachukua ile kona ya uwanja wavulana wakicheza mpira, basi tayari unajua nusu. Kuna mrushaji, kuna mpigaji na rungu lake, kuna besi nne unazizunguka. Ukizunguka zote ukarudi nyumbani, timu yako inapata mkimbio mmoja. Wadakaji wakiudaka mpira hewani, au wakiufikisha besi kabla yako, uko auti. Kila timu ina auti tatu kabla ya kupisha nyingine. Hizo auti tatu zishike vizuri kichwani, maanake ndizo utajiri wa mchezo huu. Ukiishiwa na auti umeishiwa na kila kitu.

Kuna tofauti moja na raunda tunayohitaji. Mrushaji akirusha mipira minne mibovu, yaani nje ya eneo la mpigaji na mpigaji asiiguse, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure. Anatembea tu. Tuyaite matembezi. Stori yote ya leo imezaliwa kwa hayo matembezi.

Sasa, namba yenyewe inaitwa wastani wa kupiga. Unachukua hiti za mtu, yaani mara alizopiga mpira akafika besi salama bila kusaidiwa na kosa la mdakaji, unagawanya kwa zamu zake rasmi. Ted Williams wa Boston Red Sox mwaka 1941 alikuwa na hiti 185 kwa zamu 456. Toa simu, gawanya: 0.4057. Wamarekani wanaondoa sifuri, wanakadiria hadi tarakimu tatu na kuandika .406, halafu wanaisoma kama "mia nne na sita". Mtu wa .300 ni mkali. Mtu wa .250 ni wa kawaida. Yaani hata mkali anashindwa mara saba kati ya kumi, na bado anaitwa mkali. Hicho ni kitu nakipenda sana kwa huu mchezo, lakini tusonge.

Angalia hilo neno "rasmi". Matembezi hayahesabiwi kama zamu rasmi. Ukigongwa na mpira ukapewa besi, haihesabiwi pia. Ukijitoa mhanga, ukapiga mpira mfupi makusudi ili mwenzako asogee besi, nayo haihesabiwi. Kwa wastani wa kupiga, mtu aliyetembea ni kama hakuwahi kufika uwanjani siku hiyo. Hakupata sifa, hakupata lawama. Kwani nani aliamua hivyo?

Jina ambalo utakutana nalo kila mahali ni Henry Chadwick. Huyu alizaliwa Uingereza, Exeter, mwaka 1824, familia ikahamia Brooklyn akiwa bado mtoto. Alikuwa mwandishi wa habari na mtu wa kriketi kabla ya kupenda besiboli. Mwaka 1859 alianza kuchapisha jedwali la mchezo, ile orodha ndogo gazetini inayoonyesha kila mchezaji alifanya nini, na kwa miaka mingi ndiye aliyewafundisha Wamarekani kutazama besiboli kwa namba. Pia ndiye aliyekuwa akisema wazi kwamba besiboli ilitoka kwa raunda ya Waingereza, jambo lililowakera sana wazalendo waliotaka iwe imezaliwa Marekani kabisa.

Kriketi ina wastani wake, na sisi Wakenya hatuna sababu ya kuiogopa, nchi iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Kwa kriketi unagawanya mikimbio ya mtu kwa mara alizotolewa. Mtindo huo ulipoingia besiboli ulikwama, kwa sababu mkimbio wa besiboli si wa mtu mmoja. Wewe unafika besi ya kwanza, lakini ili urudi nyumbani mara nyingi unategemea mwenzako anayefuata apige. Kwa hivyo wakaanza kuhesabu hiti badala ya mikimbio. Hapo walikuwa na akili. Shida ni matembezi: Chadwick aliyaona kama kosa la mrushaji, si kazi ya mpigaji. Na wazo la mtu mmoja likishaingia kwa jedwali linalochapishwa kila siku, linaacha kuwa wazo. Linakuwa sheria ya Mungu.

Walijaribu kulirekebisha mara moja, vibaya. Msimu wa 1887 waliamua matembezi yahesabiwe kama hiti. Wastani za watu zikapaa hadi zikawa kichekesho, na baada ya msimu mmoja wakafuta. Yaani walikuwa na machaguo mawili tu kichwani: matembezi ni sawa na hiti, au matembezi si kitu. Wazo kwamba yanaweza kuwa na bei yake, ndogo kuliko hiti lakini kubwa kuliko sifuri, lilichukua miaka mingi sana kuingia.

Sasa niwape stori ya 1910, maanake hii ikitengenezewa filamu mtasema mwandishi amezidisha chumvi.

Kampuni ya magari ya Chalmers ilitangaza kwamba atakayeongoza kwa wastani wa kupiga atapewa gari. Mwaka 1910, gari! Mbio zikabaki kati ya watu wawili. Ty Cobb wa Detroit, kijana mkali, mkorofi, aliyechukiwa na wachezaji wengi. Na Napoleon Lajoie wa Cleveland, aliyependwa hadi timu yake yenyewe iliitwa Naps kwa heshima yake. Cobb alikuwa mbele, akakaa nje mechi za mwisho kulinda wastani wake. Hiyo ndiyo sumu ya kwanza ya namba: ukishaifanya kuwa zawadi, kutocheza kunakuwa mkakati.

Tarehe 9 Oktoba, siku ya mwisho, Lajoie alikuwa na mechi mbili mfululizo St. Louis. Kocha wa St. Louis Browns, Jack O'Connor, alimwambia mdakaji wake wa besi ya tatu, kijana mgeni ligini aitwaye Red Corriden, asimame nyuma sana. Nyuma hadi karibu na nyasi za mbali. Lajoie alianza na hiti ya besi tatu, halafu akaona ule uwazi. Akaanza kuugusa mpira tu kwa rungu, unabingirika polepole kuelekea pale ambapo hapakuwa na mtu, na yeye anafika besi ya kwanza bila haraka. Akarudia. Akarudia tena. Siku ikaisha akiwa na hiti 8 kwa zamu 8, na nyingi kati yake ni hizo za kugusa.

Fanya hesabu uone nguvu yake. Asubuhi ile Lajoie alikuwa na hiti 219 kwa zamu 583, ambayo ni .376. Jioni alikuwa na 227 kwa 591, ambayo ni .384. Mchana mmoja, baada ya msimu mzima, na amepanda pointi nane. Ilisemekana pia kwamba msaidizi wa O'Connor, Harry Howell, alimtumia mwandishi rasmi wa matokeo ujumbe kwamba zamu moja iliyoandikwa vingine ikibadilishwa kuwa hiti, kuna suti mpya inamngoja. Suti! Mambo ya chai hayakuanza kwetu.

Rais wa ligi, Ban Johnson, akachunguza, na mwisho akatangaza Cobb ndiye mshindi: hiti 196 kwa zamu 509, yaani .385. O'Connor na Howell wakafukuzwa. Kampuni ya Chalmers ikaona isijiharibie jina, ikawapa magari wote wawili.

Ungedhani imeisha. Miaka 70 baadaye, mtafiti Pete Palmer akipekua karatasi za zamani aligundua kwamba mechi moja ya Cobb ya mwaka ule, aliyopata hiti 2 kwa zamu 3, iliandikwa mara mbili. Gazeti la The Sporting News likaichapisha 1981. Ondoa hizo: 194 kwa 506, ambayo ni .383. Lajoie ana .384. Yaani mtu ambaye mechi zake za mwisho zilikuwa za kupangwa ndiye aliyekuwa na wastani mkubwa, na mtu aliyetangazwa mshindi alishinda kwa kosa la karani. Mkuu wa besiboli wakati huo, Bowie Kuhn, alikataa kubadilisha chochote. Cobb akabaki bingwa.

Na kosa hilo halikukaa 1910. Idadi ya hiti za Cobb za maisha iliyokuwa rasmi ni 4,191. Mwaka 1985 Pete Rose aliifukuzia, na tarehe 11 Septemba pale Cincinnati akapiga ya 4,192, mchezo ukasimama, watu wakapiga makofi dakika nyingi. Lakini ukitoa hizo hiti mbili hewa, Cobb ana 4,189, na Rose alikuwa ameshampita siku tatu kabla, tarehe 8, akiwa ugenini Chicago, na hakuna aliyejua. Sherehe nzima ilifanywa siku isiyo yake. Mimi hiyo inanichekesha na inaniuma kwa wakati mmoja.

Turudi kwa hesabu yenyewe, maanake hata bila wizi wastani wa kupiga una shimo. Unahesabu hiti zote sawa. Kupiga mpira ukafika besi ya kwanza ni hiti moja. Kuupiga ukatoka nje ya uwanja, ukazunguka besi zote nne ukitembea kama uko kwa harusi, hiyo homurani, pia ni hiti moja. Mwaka 1916 mwandishi F. C. Lane wa Baseball Magazine alikasirika juu ya hili na akauliza, kwa namna yake, ni nani anayehesabu pesa kwa idadi ya sarafu. Weka kwa shilingi zetu: wewe una sarafu nne za shilingi tano, mimi nina sarafu nne za ishirini. Kwa wastani wa kupiga, tuko sawa. Enda basi ununue chapo na hizo zako.

Dawa yake inaitwa slaging. Badala ya hiti unahesabu besi: hiti ya kawaida 1, ya besi mbili 2, ya besi tatu 3, homurani 4, halafu unagawanya kwa zamu rasmi. Williams 1941 alikuwa na hiti za kawaida 112, za besi mbili 33, za besi tatu 3 na homurani 37. Hiyo ni 112 na 66 na 9 na 148, jumla besi 335. Gawanya kwa 456 upate .735. Si asilimia, kumbuka. Mtu anayepiga homurani kila zamu angekuwa na 4.000.

Ila slaging nayo ina uongo wake mdogo. Inasema homurani ni sawa na hiti nne za kawaida, na si kweli. Lane aliliona hili mapema. Alifuatilia hiti elfu moja, akaangalia kila aina ilileta mikimbio kiasi gani kweli, na akapata kwamba tofauti ipo lakini si mara nne. Alikuwa sahihi, hakusikilizwa, na wastani wa kupiga ukaendelea kutawala kana kwamba hajaandika kitu.

Na matembezi bado yalikuwa sifuri.

Mtu aliyeyafufua ni Allan Roth, kijana wa Montreal aliyependa namba kupita kiasi. Branch Rickey, yule yule bosi wa Brooklyn Dodgers aliyemleta Jackie Robinson, alimwajiri Roth mwaka 1947 akae kila mechi akiandika kila mpira uliorushwa. Mwaka 1954 Rickey akachapisha makala ndefu kwenye jarida la Life akisema mawazo ya zamani yazikwe, na hesabu nyuma ya makala ilikuwa ya Roth. Hoja kuu ilikuwa swali rahisi: huyu mtu, kila akisimama pale, ni mara ngapi anafika besi kwa njia yoyote ile?

Hesabu yake: hiti, jumlisha matembezi, jumlisha mara alizogongwa na mpira. Gawanya kwa zamu rasmi jumlisha matembezi, jumlisha kugongwa, jumlisha mipira ya juu ya kujitoa mhanga. Kwa Williams 1941, hiti 185, matembezi 147, kugongwa 3. Jumla 335. (Ndiyo, 335 tena, kama zile besi. Bahati tu, usitafute maana.) Chini yake kuna zamu 606, kwa sababu ile mipira ya juu ya kujitoa mhanga mwaka huo ilikuwa bado inahesabiwa kama zamu rasmi ya kawaida. 335 kwa 606 ni .553.

Tulia na hiyo namba kidogo. Zaidi ya nusu ya mara alizosimama, hakutolewa. Kumbuka zile auti tatu nilizosema ndizo utajiri: huyu alikuwa anazitunza kuliko mtu yeyote. Matembezi 147 si huruma ya mrushaji. Ni jicho lake kukataa mipira mibovu ambayo wengine wanaivamia, na pia ni warushaji kumwogopa. Kwa hesabu ya Chadwick, hizo mara 147 Williams alikuwa hayupo.

Mwaka huo huo tuzo ya mchezaji bora haikwenda kwake. Ilikwenda kwa Joe DiMaggio wa Yankees, aliyepata hiti katika mechi 56 mfululizo. Mfululizo mtamu, sikatai, na Yankees walichukua ligi. Lakini wastani wa DiMaggio msimu ule ulikuwa .357, na hata ndani ya muda wa zile mechi 56 Williams alikuwa na wastani mkubwa kidogo kumliko. Mimi ningempa Williams bila kufikiria mara mbili. Na kwa wale wa Cobb wa kukaa nje: siku ya mwisho ya msimu wa 1941 Williams aliamka na hiti 179 kwa 448. Hiyo ni .39955, ambayo kitabuni ingeandikwa .400. Kocha wake alimwambia anaweza kupumzika. Akakataa, akacheza mechi zote mbili pale Philadelphia, akapata hiti 6 kwa 8.

Namba ya kufika besi ilifanywa rasmi 1984. Makala ya Rickey ilikuwa 1954. Miaka 30 ya watu wazima kukataa kujumlisha.

Aliyewafanya wasikilize alikuwa mlinzi wa usiku. Bill James alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia maharagwe kwa mikebe huko Kansas, na zile saa za usiku alizitumia kufikiria besiboli. Mwaka 1977 alijichapishia kijitabu chake, akauza nakala kama 75. Mnaoanza kupost na mnaona watu arobaini tu wamefungua, mshike hapo. Alitaka kujua mikimbio mingapi ametengeneza mtu, akaja na hesabu ambayo hata mtoto anaweza: hiti na matembezi, zidisha kwa besi, gawanya kwa zamu rasmi na matembezi. Williams tena: 332 mara 335, gawanya kwa 603, unapata takriban 184. Na ukifanya hivyo kwa timu nzima, jibu linakaribia sana mikimbio waliyofunga kweli. Hapo ndio watu walianza kunyamaza.

Mwaka 1984 Palmer, yule wa karatasi za Cobb, pamoja na John Thorn wakaeneza njia ya mkato: chukua namba ya kufika besi, jumlisha slaging. Inaitwa OPS. Williams ana 1.287, na yeyote anayepita .900 ni mtu wa kuogopwa. Mwalimu wangu yeyote wa hesabu angenirushia chaki kwa kujumlisha sehemu mbili zenye vigawanyo tofauti hivi hivi tu, na OPS pia inaipa nguvu uzito kuliko inavyostahili ikilinganishwa na kufika besi. Baadaye watu kama Tom Tango walitengeneza ile safi, wOBA, inayompa kila tukio bei yake halisi: matembezi kama 0.7, hiti ya kawaida kama 0.9, homurani kama 2. Lane angelia kwa furaha. Lakini OPS unaweza kuifanya ukiwa kwa mathree, na ndiyo maana iliishi.

Filamu ya Moneyball wengi mmeiona, kwa hivyo nitaipita haraka. Oakland mwaka 2002 walikuwa na karibu dola milioni 40 za mishahara, Yankees zaidi ya milioni 120, na wote wakashinda mechi 103. Oakland walinunua watu wanaofika besi kwa sababu soko lilikuwa bado linalipia wastani wa kupiga. Scott Hatteberg, aliyeumia kiwiko hadi hawezi tena kurusha mpira vizuri, alikuja kwa bei ya kutupa na akafika besi .374. Kile filamu haikuambii ni kwamba Oakland pia walikuwa na warushaji watatu hatari sana, na kwamba mchezaji bora wa ligi mwaka ule, Miguel Tejada, alikuwa wao. Brad Pitt na kikokotoo peke yao hawakushinda chochote.

Kitu kimoja kuhusu kusoma hizi namba: angalia zamu ni ngapi kabla ya kushangilia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, tarehe 26 Aprili 2017 alipiga hiti kwa zamu yake ya kwanza kabisa. Wastani wake dakika hiyo ulikuwa 1.000, bora kuliko binadamu wote. Alimaliza msimu na 12 kwa 54, yaani .222. Jirani zetu Uganda wanajua hii lugha, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la watoto kule Marekani mwaka 2012. Mechi chache, namba zinaruka ruka.

Na hapo ndipo tunafika kwa Josh Gibson.

Vizazi vya Wamarekani viliambiwa kwamba Williams wa 1941 ndiye mtu wa mwisho kufikisha .400. Imeandikwa kwa vitabu, imeulizwa kwa chemsha bongo. Lakini mwaka 1943, miaka miwili baadaye, Gibson wa Homestead Grays alipiga .466. Hakuhesabiwa kwa sababu alikuwa mweusi. Ligi kuu zilikuwa zimewafungia watu weusi mlango, wakaunda ligi zao, Negro Leagues, na mwaka 1969 kamati ilipoketi kuamua ligi gani za historia zinaitwa kuu, ilichagua sita. Ndani ya hizo sita kuna Union Association ya 1884, ligi iliyodumu msimu mmoja tu ikafa. Negro Leagues, zilizocheza kuanzia 1920 hadi 1948, hazikuwemo.

Zilikubaliwa Desemba 2020. Halafu tarehe 28 Mei 2024 namba zao zikaingizwa rasmi, na Gibson akatangazwa kiongozi wa wastani wa maisha kwa .372, juu ya Cobb mwenye .367. Akampita pia Babe Ruth kwa slaging, .718 dhidi ya .690. Mwenyewe hakuona hata Robinson akivuka ule mstari. Alikufa Januari 1947, ana miaka 35, miezi mitatu kabla.

Kuna watu walilalamika mtandaoni kwamba misimu ya Negro Leagues ilikuwa na mechi kama 60 hivi, na .466 ya mechi chache si sawa na .406 ya mechi 150. Kihesabu wana pointi, nimetoka kuisema juu ya Ngoepe. Lakini swali langu kwao ni kwa nini misimu ilikuwa mifupi. Kwa sababu timu zilikuwa zinazunguka nchi kwa basi zikicheza mechi za maonyesho ili wachezaji wale, maanake pesa ilikuwa huko. Hizo mechi hazihesabiwi. Bamba la shaba la Gibson pale Cooperstown linasema alipiga karibu homurani 800. Kitabu cha ligi kinampa chini ya 200. Zote zinaweza kuwa kweli: zilizobaki zilipigwa mbele ya watu, kwenye vijiji na miji midogo, bila Chadwick wa kuandika jedwali.

Zile zilizoandikwa zilipatikana kwa jasho. Watafiti kama Larry Lester walitumia miaka mingi kupekua magazeti ya watu weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, ukurasa kwa ukurasa, wakitafuta majedwali madogo yaliyofifia. Hadi tangazo la 2024 walikuwa wamepata zaidi ya theluthi mbili. Nyingine zinaendelea kutafutwa. Likijitokeza moja kesho na linaonyesha Gibson alienda 3 kwa 4, ile .372 itapanda kidogo. Likionyesha 0 kwa 4, itashuka, na itabidi niirekebishe hapa juu.